Mwaka Nilioonwa Uani

Kisa cha kuonwa kwangu nimekisimulia harusini, msibani, ofisini, hata kwenye foleni ya benki, na kila mara watu wamecheka mpaka wakashika mbavu. Kwa hiyo siku ya hitima ya Bi Mwanahawa, kule Kaole, nilipomwona Mwalimu Mbwilo ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti, nilisema leo shahidi wangu yupo, nikakianza upya bila kuombwa. Mwanamke wa umri wangu, aliyekanyaga mapori pamoja na wanaume akipima viwanja mpaka akastaafu, hana tena baraza ya kukatazwa. "Mnamwona mzee huyu?" nikawaambia wanaume waliokuwa wakingoja chakula. "Huyu mtu wa bara ndiye aliyenisomesha, na alinisomesha kwa kukosa adabu! Aliingia uani kwa watu, nyumba yenye mwali, bila hodi, utadhani anaingia gulioni!" Wakaangua kicheko, hitima au si hitima. Mwalimu peke yake hakucheka. Alisubiri watulie, kisha akaniashiria kwa kidole niiname, maana sauti yake siku hizi haifiki mbali.

"Zuhura," akasema, "mimi tangu nizaliwe sijaingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi. Siku ile niliambiwa nisibishe."

"Uliambiwa na nani?"

"Na mwenye nyumba." Akanyanyua fimbo akaielekeza mlangoni, kule ndani ambako wanawake walikuwa wakimsomea marehemu. "Alinifunga mdomo. Nilimwahidi kwamba maadamu yu hai sitasema. Sasa ametangulia."

Nilishika ukuta. Sipambi maneno, nilishika ukuta wa watu kwa kiganja changu chote, chokaa ikanibaki mkononi. Yaani maisha yangu yote nimeyasimamisha juu ya kosa la mtu wa bara asiyejua mila, na nimelishukuru kosa hilo kila nilipoinua mikono kuomba dua, kumbe hapakuwa na kosa lolote! Na mwenyewe alikuwa hajamaliza. Lile alilonimalizia ndilo zito zaidi, lakini nikiliweka hapa halitawaingia. Lazima kwanza niwaeleze mwaka wenyewe ulivyokuwa.

Nilivunja ungo wakati wa masika, nikiwa darasa la saba. Kwetu, miaka hiyo, msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Huitwa mwali, hukabidhiwa kungwi, yaani mwanamke wa kumfunda mambo ya utu uzima, na haonwi na mwanamume mpaka mavuno yaingie, ngoma ichezwe, atolewe amepambwa. Akionwa kabla ya siku yake, basi, imekwisha. Hutolewa kimyakimya bila ngoma, huoshwa, hurudishwa kwao kungoja msimu wa mwaka mwingine, na kungwi wake hutozwa faini na haaminiwi tena. Hayo niliyajua kama ninavyolijua jina langu. Nilijua pia kwamba ngoma ya mwaka ule ilipangwa ichezwe baada ya mtihani wa darasa la saba, na mtihani ule ukikupita umekupita, hakuna kurudia, shule yako imeishia hapo. Nilipoingizwa chumbani kwa Bi Mwanahawa, khanga imenifunika kichwa hadi miguu, Mama kanishika mkono, nililia sana, na wanawake wote walidhani naulilia utoto wangu. Nilikuwa naulilia mtihani. Sikuwa hata na akili ya kuufaulu, lakini kama ni kushindwa, nilitaka nishindwe nikiwa nimeketi mbele yake.

Chumba chenyewe kilikuwa cha katikati, hakina dirisha, kina tundu tu juu karibu na boriti, na jua la asubuhi likiingia humo liliishia ukutani, halikufika sakafuni. Palikuwa na kitanda kimoja cha kamba, mkeka, mtungi wa maji, na harufu ya liwa na udi iliyoganda hadi kwenye mito. Humo nilimkuta Tatu. Tatu alikuwa mjukuu wa Bi Mwanahawa mwenyewe, mtoto wa mwanawe wa kiume, na tulikuwa darasa moja. Aliwekwa ndani kabla yangu kidogo. Loo, Tatu! Mtoto yule alikuwa wa kwanza darasani tangu tujue kuandika, tena si wa kwanza wa kupokezana na wenziwe. Sisi wengine tulikuwa tunagombania kuanzia nafasi ya pili. Mimi nilikuwa wa katikati, wa kupanda darasa kwa kudra za Mungu. Bi Mwanahawa, kungwi wetu, ambaye tulimwita Somo, alikuwa mrefu, mkavu, mkono mzito, hana mzaha. Alitufunda kuketi, kuinuka, kuitika, kunyamaza, na alituamuru tuseme kwa sauti ya chini na tusicheke kwa meno. Akitoka tu, Tatu huniambia, "Haya, leo tunafanya sehemu." Ikiletwa chai na mkate wa kumimina, aliukata mkate robo, akakata nusu ya robo, akaniuliza nimebakiwa na ngapi, na nikikosea anakula kipande changu. Nilishinda na njaa siku nyingi kabla sijazielewa sehemu. Mpaka leo nikiona mkate wa kumimina mdomo unanijaa mate na hesabu.

Ukuta wa chumba chetu ulipakana na baraza, ambako Somo alikaa kila asubuhi na karai lake la vitumbua, kwa hiyo dunia yote ilitupitia masikioni. Tulijua nani ameachika, nani anajenga, nani amerudi kutoka Bagamoyo mjini na meno ya dhahabu. Mteja wa kwanza siku zote alikuwa Mwalimu Mbwilo, kijana mseja wakati huo, ametoka bara na kupanga nyumba ya pili kutoka hapo. Adabu yake ilituchekesha. Alibisha hodi barazani, mahali ambapo mwenye nyumba ameketi anamwona kwa macho yake! "Hodi, Bi Mwanahawa." "Karibu, Mwalimu." Ndipo akanyage. Shuleni walikuwa wameambiwa sisi tumekwenda Saadani kumuuguza shangazi, na shangazi huyo wa Saadani, maskini, aliugua kila masika, kila msichana wa darasa la saba alipovunja ungo. "Wanafunzi wangu hawajambo huko?" Mwalimu aliuliza. "Hawajambo." "Na mgonjwa?" "Bado bado." "Mwaka jana pia alikuwa bado bado, huyu shangazi." "Ndiyo maradhi ya utu uzima, Mwalimu, nawe utayaona." Sisi ndani tulijiziba midomo kwa mto. Mwalimu alijua tulipo, kila mtu alijua, lakini hakuna aliyethubutu kuvuka kizingiti kile.

Asubuhi ya siku yenyewe mazungumzo yao yalikuwa ya chini mno. Tulitega sikio tukaambulia minong'ono. Mara Somo akapaza sauti, sauti ya kusikika mpaka njia panda: "Niache, Mwalimu! Tatu kichwa chake ni cha kuhesabia vitumbua, na kinamtosha! Posa imeshaletwa, baba yake ameipokea. Masomo ya nini tena?" Nikageuka kumtazama Tatu. Hakuwa na habari ya posa, wala mimi sikuwa nayo. Alikuwa akisuka ukili, mikono ikasimama. Halafu akajilaza, akageukia ukutani, na sikumsikia akilia, ndiyo maana niliogopa. Muda si mrefu Somo akaingia. Hakututazama usoni. "Tatu, jua leo si kali. Nenda uani ukanichambulie mchele, ukae hukohuko mpaka nikuite. Zuhura abaki ndani." Nilishangaa, maana uani tulitolewa alfajiri tu, kuogeshwa, kabla watu hawajaamka. "Umenisikia?" "Nimesikia, Bibi," Tatu akajibu, uso ungali ukutani. Somo akachukua kikapu, akasema anakwenda kununua nazi, akatoka.

Tatu hakuinuka. "Nenda wewe," akaniambia.

"Ametumwa nani, mimi au wewe?"

"Mchele ni mchele. Ukishachambuliwa, atajua umechambuliwa na kidole cha nani? Nenda, Zuhura. Mimi leo sina uso wa kulitazama jua."

Na mimi, jamani, nilikuwa na hamu ya mbingu. Nikachukua ungo nikatoka. Sijui kama nilichambua hata konzi moja. Niliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nimeinua uso, macho nimefumba, jua linaniwasha kope, raha tupu. Nikasikia mlango wa ua unasukumwa. Si hodi, si kikohozi, si salamu. Nilipofumbua macho, Mwalimu Mbwilo alikuwa amesimama ndani ya ua, viatu vyake vyeusi juu ya mchanga uliofagiwa. Nilipiga ukelele, nikajifunika ungo kichwani, mchele wote ukanimwagikia mabegani. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alibaki palepale. Alinitazama, akautazama mlango wa ndani, akanitazama tena, akasema neno moja tu: "Wewe?" Nilidhani anashangaa kunikuta Kaole mzima wa afya badala ya Saadani. Bi Kidawa, jirani, mwanamke ambaye habari ikimwingia haikai, akachungulia juu ya ua wa makuti akaona yote. "Yalaa! Mwali kaonwa! Njooni, mwali kaonwa na mwanamume!" Watu wakajaa. Somo akatokea, kikapu kitupu, hana nazi hata moja. Alimtazama Mwalimu, akanitazama mimi, na uso wake ule siwezi kuueleza mpaka leo. Alinizaba kofi nikaona nyota. Kisha akauliza, "Tatu yuko wapi?" Wote tulielewa kwamba anaogopa mjukuu wake naye asiwe ameonwa. Wanawake wakamtuliza: "Huyo yumo ndani, Bi Mwanahawa, salama salimini, hakuonwa na mtu." Somo akaketi chini mchangani, juu ya mchele.

Wazee walimkalisha Mwalimu kitako. Akaomba radhi, akasema kwao hakuna mila hiyo, hakujua kwamba kumwona tu mwali ni kosa. Wakamtoza kuku, wakamsamehe, kwa kuwa mtu wa bara hajui. Somo hakusamehewa. Yeye alijua, na alimwacha mwali uani jua limetoka. Tangu siku ile hadi anaingia kaburini, mkongwe asiyeona tena, hakuna mama hata mmoja aliyempelekea binti kumfunda. Mwanamke aliyekuwa akiinukiwa kila alipoingia kwenye shughuli za watu alibaki na karai lake la vitumbua.

Mimi nilioshwa nikarudishwa kwetu. Baba alikaa siku kadhaa hanisemeshi, akitaka maji alimwambia Mama, "Mwambie mwanao." Mama ndiye aliyevunja ukimya huo, tena kwa hasira, huku anakuna nazi: "Ameonwa, ameonwa! Sasa akae hapa ananitumbulia macho mpaka mwaka mwingine? Na aende shule basi, nipumue!" Haya, ndiyo ilivyokuwa. Watu hunisifia wazazi wangu kwamba walikuwa na mwanga. Mwanga gani? Walinipeleka shule kwa sababu hawakujua waniweke wapi. Ila siku moja Baba alikuja barazani kwa Mwalimu, ambako nilikuwa nikifundishwa jioni mlango wazi watu wote wakituona, akaja kuhakikisha kwamba hakuna jambo jingine, akanikuta naikokotoa hesabu ubaoni. Alisimama mpaka nikamaliza. Kuanzia hapo akawa ananiamsha yeye mwenyewe asubuhi, na chai yangu aliipoza kwa mkono wake.

Mwalimu hakuwa na upole. "Tunaanza mwanzo kabisa," alisema jioni ya kwanza, "kwa kuwa ni wewe." Nilidhani ananitania. Nikikosea, alijishika kichwa chake mwenyewe, akatazama upande wa nyumba ya Somo, akashusha pumzi. Na kila jioni, sikumbuki alikosa lini, Somo alikuja na bakuli la uji wa mchele wenye pilipili manga, akasimama mbele yangu nikinywa. "Umeelewa leo?" "Nimeelewa, Somo." "Usinidanganye. Mwalimu, ameelewa?" "Kiasi." "Kiasi hakitoshi. Mrudishe mwanzo." Nilimwogopa kuliko mtihani. Nilidhani ananichukia kwa kumvunjia heshima, na anataka nijiaibishe mara ya pili ili moyo wake utulie. Siku moja uji ulinishinda, nikamwambia nimeshiba. "Kunywa," akasema. "Hujui unakunywa cha nani." Nikanywa, nikihesabu kwamba labda ameniwekea dawa.

Nilifanya mtihani. Tatu alikuwa bado ndani. Ngoma yake ilichezwa baadaye, akatoka amepakwa liwa, amevishwa khanga mpya, mzuri wa kutisha, na mimi nilicheza mpaka miguu ikavimba. Matokeo yalipobandikwa, nilikuwa msichana pekee wa shule yetu aliyechaguliwa kwenda sekondari. Nilikwenda kumwambia Somo. "Alhamdulillahi," akasema, akaingia ndani akafunga mlango. Tatu alikuwa ameshaolewa. Alinikumbatia akaniambia, "Nenda, msomi. Na ukifika kwenye sehemu usiniaibishe." Nikaenda, nikamaliza, nikaenda chuo, na nusu ya viwanja vya Mapinga mnavyouziana leo kwa bei za kutisha nimevipima mimi kwa miguu hii. Huo ndio mwaka wenyewe, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiujua.

Sasa turudi barazani, mimi nimeshika ukuta, Mwalimu ameniambia kwamba Somo ndiye aliyemwagiza asibishe hodi. Nilikuwa nimeshaanza kulia kwa shukrani, mpumbavu mimi. "Yaani Somo alitaka mimi nisome?" nikamuuliza. "Mimi, mtoto wa watu? Akajivunjia heshima yake kwa ajili yangu?"

"Hukunielewa," akasema Mwalimu. "Sikukujia wewe. Nilimjia Tatu."

Haki ya Mungu, sikusikia tena kisomo, sikusikia vikombe, sikusikia watu. Niliona tu mdomo wa mzee yule ukifunguka na kufungika. Alinieleza taratibu, pumzi ikimkatika. Somo ndiye aliyemwita. Mila haikuwa yake peke yake hata aifungue; mwanawe ameshapokea posa, wazee wameshapanga ngoma, na kama angemtoa mtoto kwa mkono wake wangemkana. Lakini mtu wa bara akiingia kwa ujinga wake, nani wa kumlaumu? Mwali ameonwa, posa itangoja, mtoto atafanya mtihani. Yeye atatozwa, atadharauliwa, na alikuwa radhi. Wote wawili haikuwezekana. Wawili wakionwa siku moja, nani angeamini kuwa ni bahati mbaya? Kwa hiyo alimchagua wake. "Na yale maneno ya vitumbua?" nikauliza. "Alisema kwa sauti, Mwalimu. Tulimsikia."

"Bi Kidawa alikuwa anapita. Ilibidi aseme jambo la kumzuga."

Astaghfirullahi. Maneno ya kumzuga Bi Kidawa ndiyo yaliyomlaza Tatu. Aliyasikia, akageukia ukutani, akaniambia niende mimi, kwa kuwa bibi yake alikuwa amemwambia mtaa mzima kwamba hana kichwa. Kofi lile nililopigwa nikalielewa. "Tatu yuko wapi?" nikalielewa. "Wewe?" nikalielewa, na hilo liliniuma kuliko kofi.

"Na kesho yake?" nikamuuliza. "Hamkuweza kufanya jambo?"

"Kesho yake alinipa vitumbua vyangu kama kawaida, akaniambia: 'Wangu amebaki ndani, na sina mlango wa pili. Huyo uliyemwona, Mwalimu, ole wako afeli. Na asijue. Akijua atabeba mzigo wa mwenzake, hatasoma.'"

Nilimkasirikia mzee yule, sitaficha. Nilimwambia, "Na wewe ukanyamaza! Miaka yote hii nakusimulia mbele za watu, nacheka, na wewe umekaa tu!" Akajibu kwamba alikuwa ameahidi. Halafu nikaona kwamba hasira yenyewe si yake. Sekondari ile, chuo kile, kazi ile, nyumba yangu yenye bati la rangi, vyote vilikuwa vimetengenezwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na mtu mwenyewe alikuwa uani wakati huo anapika pilau ya hitima. Ningeweza kunyamaza. Tatu ana wajukuu, ana heshima yake, hakuna shughuli Kaole inayopikwa bila yeye, na hajawahi kuniuliza chochote. Nani angejua? Mwalimu mwenyewe aliniambia, "Sikukueleza ili ukamwambie." Nilisimama mlangoni nikijiambia nimwache, nimwache, na miguu ikanipeleka.

Uani siku hizi pana ukuta wa matofali badala ya makuti. Tatu alikuwa amejifunga khanga kibwebwe, anageuza sufuria kwa mwiko mrefu, anawagombeza wasichana waliokuwa wakimenya vitunguu. Alinitazama mara moja. "We Zuhura, umeona jini? Kaa hapo kabla hujaanguka."

Sikukaa. Nilimwambia yote, nimesimama, kwa sauti ya chini ili wasichana wasisikie. Nilimwambia kuhusu hodi, kuhusu mchele, kuhusu Bi Kidawa. Aliendelea kugeuza pilau kana kwamba nampa bei ya samaki. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia."

Nikarudia.

Akauweka mwiko chini, juu ya mchanga, yeye ambaye angemfukuza msichana kwa kosa hilo. "Kwa hiyo Bibi alitaka mimi nisome."

"Ndiyo."

"Si wewe."

"Si mimi, Tatu."

"Siku zote nilijua kwamba aliniona sifai," akasema. "Nimemlisha, nimemshika mkono alipopofuka, na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilimwosha mimi, Zuhura. Maiti yake niliiosha kwa mikono hii, na nilimwosha nikiwa na kinyongo changu. Nilisema moyoni, Mungu akusamehe, mimi bado." Akaitazama mikono yake yenye mafuta. Nilitaka kumwambia pole, lakini ningempa pole ya nini, na mimi ndiye niliyekula fungu lake? Nikalia. Nililia vibaya, kwa kwikwi, mbele ya wasichana. Yeye hakulia. Aliniuliza, "Mwalimu yupo bado?"

"Yuko barazani. Anangoja bajaji imrudishe kwa binti yake."

Akafungua kibwebwe, akajifuta mikono, akajitanda khanga vizuri kama anayekwenda kwa wakwe. Akawaambia wasichana pilau ikiungua wote watalala njaa. Kisha akapita ukumbini, mimi nyuma yake, tukapita mlango wa chumba kile cha katikati wala hakukitazama, tukatokea barazani. Mwalimu alikuwa ameanza kusinzia. Tatu akasimama mbele yake, akapiga goti moja, mwanamke mtu mzima mwenye wajukuu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akafumbua macho, akayafinya, maana hayaoni vizuri. "Nani mwenzangu?"

Nikafungua mdomo nimjibie. Tatu akanishika mkono kwa nguvu.

"Ni Tatu, Mwalimu," akasema. "Nimechelewa."

Mzee akamtazama. Akaisogeza fimbo yake, akapigapiga kiti kilichokuwa kitupu kando yake.

"Kaa," akasema.